Siku Arobaini za Mzazi: Habari za Matunzo ya Mama Baada ya Kujifungua katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi



Taarifa yetu ya mwaka kwa desturi huleta hesabu ya ada, majina ya marehemu, na shukrani kwa wale waliosaidia kusafirisha maiti hadi nyumbani. Mwaka huu Halmashauri imeona yafaa kurasa chache zitolewe kwa habari za watu ambao hawaingii katika vitabu vyetu ila wanapokufa. Hao ni mabibi waliojifungua salama hospitalini, wakapewa pongezi, wakarudishwa Tena kwa teksi au kwa matatu, na mlango ukafungwa nyuma yao. Juu ya siku ya kuzaa yamekwisha kusemwa mengi na watu wenye elimu kutushinda. Sisi twataka kusema juu ya siku zinazofuata, kwa kuwa katika historia ya mji huu siku hizo hazikuwekewa mwenyewe.

Wazee wanajua kwamba siku hizo zilikuwa na mwenyewe zamani. Huko pwani mwanamke aliyezaa huitwa mzazi, naye hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kitambaa, hupewa chakula cha kumrudishia nguvu, wala hashiki kazi nzito, na mkunga aliyempokea mtoto huendelea kuja kumtazama. Bara nako kila kabila lilikuwa na taratibu zake: kwa Wakikuyu, kwa mfano, mzazi alipikiwa njahi, na hata leo ukiona njahi nyingi zikinunuliwa sokoni kwa pamoja hukosei ukiuliza ni nani aliyejifungua. Madaktari nao, kwa njia yao wenyewe, wamehesabu kwamba mwili wa mwanamke hukaa katika hatari ya uzazi kwa siku 42. Bibi zetu wa pwani walisema arobaini. Tofauti ya siku mbili si ya kugombania.

Walakini hatutaki kusifu kila jambo la zamani. Palikuwa na nyumba ambazo maziwa ya kwanza ya mama, yaani dang'a, yalikamuliwa yakamwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu, na mtoto akapewa maji ya sukari. Kumbe dang'a ndiyo kinga yake ya kwanza duniani. Palikuwa na nyumba ambazo kitovu kilipakwa majivu au samadi, na mtoto akakakamaa kwa pepopunda kabla ya juma la pili kwisha. Maradhi hayo yalihesabiwa kuwa yamekomeshwa nchini Kenya mwaka wa 2018, kwa chanjo ya akina mama na kwa usafi wa kukata kitovu. Kilichofaa katika desturi ile ni kwamba mzazi hakuachwa peke yake; mtu mzima mwenye uzoefu alikuwapo, macho yake yakimwangalia mchana na usiku.

Basi mji wa Nairobi ulianzaje? Ulianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, na kwa miaka mingi Mwafrika alihesabiwa humo kuwa mgeni wa kazi. Pumwani ilipowekwa kuwa mtaa wa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kariokor ilipojengwa mwishoni mwa miaka hiyo, kipimo kilichotumika kilikuwa kitanda cha mwanamume mmoja. Mshahara nao ulikuwa wa mtu mmoja. Mke alitazamiwa abaki rizavu akilima. Haikuwa mpaka mwaka wa 1954 ambapo kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mfanyakazi apaswa kulipwa kiasi cha kutunza jamaa yake, na mwaka uliofuata Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki ikasema kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo bibi aliyeshika mimba mjini, mara nyingi mumewe alimpandisha gari moshi au basi akamrudisha kwa mama yake. Twaweza kusema kwamba kwa muda wa kizazi kizima matunzo ya wazazi wa Nairobi yalifanyika mashambani, na gharama yake ikabebwa na mabibi wazee ambao hawakulipwa hata senti.

Waliobaki mjini walikuwa wengi kuliko serikali ilivyopenda kukiri. Pumwani ilikuwa na wanawake wenye nyumba zao wenyewe, wengi wao Waislamu, walioishi kwa kupangisha vyumba. Hao ndio waliokuwa wenyeji hasa wa mtaa, wala historia ya Eastlands haiwezi kuandikwa kwa haki bila wao.

Mwaka wa 1926 ulianzishwa umoja wa hisani uliochukua jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Sir Edward Grigg, kwa shabaha ya kusaidia akina mama na watoto. Kutokana na juhudi hizo ikapatikana nyumba ya uzazi kwa Waafrika huko Pumwani, ambayo kufikia mwaka wa 1928 ilijulikana kwa jina la Lady Grigg, na humo wasichana wa Kiafrika wakafundishwa ukunga. Mwaka wa 1944 Baraza la Mji likaichukua, nayo ikawa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Nani katika sisi hana mtoto, au ndugu, au yeye mwenyewe, aliyezaliwa hapo? Ni miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za uzazi katika bara la Afrika, yenye vitanda zaidi ya 350, na mwezi wa Machi 2019 ilifunguliwa humo benki ya maziwa ya mama, ya kwanza katika Kenya, kwa ajili ya watoto ambao mama zao ni wagonjwa au wamefariki.

Hata hivyo nyumba ya uzazi ina mlango, na kazi yake kwa sehemu kubwa huishia mlangoni. Baada ya Nairobi kuwa Jiji mwaka wa 1950, mitaa ilizidi kujengwa kwa ajili ya watu wenye jamaa: baada ya Kaloleni ya miaka ya 1940 zikaja Bahati, Mbotela, na zile zilizoitwa Ofafa kwa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka wa 1953. Zahanati za Baraza zikafuata nyumba, na mama akawa na mahali pa kumpeleka mtoto kupimwa uzito bila ya kupanda gari. Jambo hili dogo lilikuwa kubwa. Mzazi aliyeshonwa hawezi kutembea maili tatu juani na mtoto mgongoni.

Na vyama vyetu je? Hapa wazee watuwie radhi, maana twasema yaliyo katika historia. Vyama vya kusaidiana vya miaka ya 1940 na 1950 vilifanya kazi kubwa na ya heshima. Mtu aliyefariki Muthurwa au Shauri Moyo hakutupwa. Alichangiwa, akasafirishwa, akazikwa kwao. Lakini juu ya wanawake, vingi vya vyama hivyo vilishughulikia zaidi sifa ya kabila kuliko afya ya mwili. Vingine, Luo Union kikiwa kimojawapo, vilifika hata kuwakamata wanawake waliokaa mjini bila waume na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Palikuwa na fungu la sanda na fungu la nauli ya maiti. Fungu la mzazi halikuwapo katika vyama tunavyovijua, wala hakuna aliyeshangaa.

Uhuru ulipokuja, mambo ya matibabu yalifunguka. Mwaka wa 1965 ada za wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali ziliondolewa. Mji ukatanuka kuelekea mashariki: Buruburu na Dandora, na Umoja iliyojengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, zote ni kazi za miaka ya 1970, na baadaye Tena yetu hii, kati ya Umoja na Donholm. Lakini mwaka wa 1989 ada zilirudishwa kwa jina la kuchangia gharama, na hapo ndipo shida ya mzazi ilipopata sura mpya.

Sura hiyo ilikuwa ya deni. Mwaka wa 2007 shirika la wanasheria wanawake FIDA Kenya pamoja na wenzao wa ng'ambo walitoa taarifa juu ya mateso ya akina mama katika hospitali za uzazi, na moja ya habari zake ilikuwa ya wanawake waliozuiliwa hospitalini baada ya kuzaa kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Jambo hili lilifika mahakamani. Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu kwamba kuwazuilia mabibi wawili huko Pumwani mwaka wa 2010 kulivunja haki zao chini ya Katiba, akaamuru walipwe fidia. Twaomba wanachama waitafakari hali ile: siku ambazo mwili wahitaji kulala, kula na kutulizwa, zikageuzwa kuwa siku za kifungo.

Kabla ya hukumu hiyo, tarehe 1 Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba kuzaa katika hospitali za serikali kutakuwa bila malipo. Furaha ilikuwa kubwa, na haki. Wanawake wakafurika Pumwani hata wawili wakalala kitanda kimoja. Sasa upungufu ukawa wa upande wa pili: badala ya mzazi kuzuiliwa, akaharakishwa kutoka ili kitanda kipate mwingine. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama chini ya Bima ya Taifa, ambao ulihesabu pia kliniki za baada ya kujifungua. Mwezi wa Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika mahali pa Bima hiyo, na Linda Mama ikaondoka nayo. Tangu hapo jamaa yapaswa kujiandikisha na kutoa michango yake ili mama azae chini ya bima. Ndugu asiyejiandikisha kwa kudhani kwamba mambo ni kama ya 2013 atakuja kupata habari mbaya saa nane za usiku.

Na sasa tuseme waziwazi ni nini kinachotazamwa katika mzazi, kwa sababu tumegundua katika mazungumzo yetu kwamba waume wengi, na hata wazee, hudhani kliniki ni ya mtoto peke yake.

Jambo la kwanza ni damu. Mji wa mimba hupaswa kujikaza mara baada ya kuzaa. Usipojikaza, damu hutoka kwa wingi, na mwanamke mwenye afya aweza kufa katika muda wa saa mbili. Hii ndiyo sababu kubwa kupita zote ya vifo vya wazazi katika nchi zetu. Makosa ya zamani yalikuwa kukisia damu kwa macho. Mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini: damu ikikingwa katika mfuko wenye alama za kipimo, na dawa zote zikatolewa kwa pamoja mara kipimo kikipita, madhara makubwa ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki, ndugu zetu! Kwa hiyo shirika la afya la dunia lashauri mama akae chini ya uangalizi saa 24 zisizopungua. Anayemwomba daktari amruhusu mkewe saa sita baada ya kuzaa kwa sababu gari limekwisha kukodiwa, hajui anachokiomba.

La pili ni homa. Mwaka wa 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliona kwamba katika hospitali yake wazazi waliohudumiwa na madaktari walikufa kwa wingi kuliko waliohudumiwa na wakunga, akatambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja na uchafu mikononi. Alipowalazimisha kunawa kwa maji yenye klorini, vifo vikapungua sana. Na wenzake wakamchukia kwa ajili hiyo. Homa ya uzazi bado ipo. Huanza kwa baridi, maumivu ya tumbo la chini na uvundo, mara nyingi baada ya mama kurudi nyumbani, na hudhaniwa kuwa malaria.

La tatu ni shinikizo la damu. Watu hudhani kifafa cha mimba kimekwisha mtoto anapotoka. Sivyo; chaweza kuja siku kadhaa baadaye, na dalili zake ni kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu. Chombo cha kupimia hakichukui dakika mbili.

Kisha matiti yasivimbe wala kupasuka, nyuzi zitazamwe, na mama aulizwe juu ya moyo wake. Hili la moyo tumelidharau sana. Mzazi anayelia bila sababu, asiyelala hata mtoto akilala, asiyetaka kumshika, hajarogwa wala si mvivu. Ni mgonjwa, naye atibika.

Mtoto naye hutazamwa kitovu, joto, rangi ya macho, na kunyonya kwake; hupewa chanjo ya kifua kikuu na ya polio, na kufikia juma la sita chanjo nyingine huanza. Mama hufundishwa kunyonyesha bila kuchanganya kitu kwa miezi sita, na mume na mke hushauriwa juu ya kupanga uzazi.

Nyakati zilizoshauriwa na shirika la afya la dunia si nyingi: katika saa 24 za kwanza, siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na juma la sita. Mara nne tu katika hizo siku arobaini. Walakini uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba ni karibu nusu tu ya wazazi wa Kenya waliokuwa wametazamwa na mwuguzi ndani ya siku mbili. Na duniani kote, shirika hilo lilisema mwaka wa 2022 kwamba zaidi ya wazazi na watoto 3 katika kila 10 hukosa matunzo ya siku za kwanza. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba Nairobi ndiyo iliyokuwa mwenyeji, mwezi wa Februari 1987, wa mkutano mkubwa wa mataifa uliozindua harakati za uzazi salama ulimwenguni.

Wengine watasema kwamba Nairobi si mashambani, hospitali ziko karibu. Wataalamu waliochunguza Korogocho na Viwandani, mitaa iliyo katika upande wetu huu wa mji, walipata kwamba kati ya 2003 na 2005 vifo vya wazazi vilikuwa 706 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa taifa zima kipimo cha uchunguzi wa mwaka wa 2014 kilikuwa 362. Na sababu zilizotajwa ni hizo tulizozieleza, damu, homa na kifafa, pamoja na mimba kuharibika. Ukaribu wa hospitali haukuwa umewaokoa.

Tena si Korogocho. Tuna barabara, tuna zahanati za watu binafsi karibu kila kona, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 iko Hospitali ya Mama Lucy Kibaki upande wa Barabara ya Kangundo. Lakini ghorofa nazo zina upweke wake. Msichana aliyeolewa aishi orofa ya tano, mumewe atoke alfajiri arudi usiku, mama yake awe Siaya au Kitui, na jirani wa mlango wa pili asijue hata jina lake. Huyo, akianza kutokwa na damu siku ya nne, atampigia nani kelele? Katika Pumwani ya zamani, pamoja na umaskini wake wote, sauti ilivuka ukuta.

Serikali imejaribu kuujaza upweke huo. Tangu mpango wa afya ya jamii wa mwaka wa 2006 wamekuwapo watu wa kujitolea wa kuzuru nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Septemba 2023 waliitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wakagawiwa mikoba yenye vyombo vya kupimia kwa hesabu ya watu 100,000 nchini kote. Wanawajua vizuri wakazi wa vijumba vya mabati. Katika ghorofa hukutana na mlinzi wa lango, ambaye kazi yake ni kuwazuia watu asiowajua, naye huifanya kwa bidii.

Kwa sababu hizo Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano Mkuu maombi matatu. Kwanza, kila mwanachama ambaye mkewe, bintiye au mkwewe amejifungua apeleke habari kwa katibu ndani ya siku moja, kama tunavyopeleka habari ya msiba, na mabibi wawili wa Chama wamzuru mzazi siku ya tatu na siku ya saba, wakiwa na karatasi ya dalili za hatari. Mabibi hao si wakunga wala wasijifanye kuwa wakunga. Kazi yao ni kutazama, kuuliza, na kumpeleka kliniki anayehitaji. Pili, wenye majengo walio wanachama wetu wawaagize walinzi wao wamfungulie mhamasishaji wa afya wa eneo lake. Tatu, sehemu ya fungu la mazishi iwekwe kando kwa nauli ya mzazi, kwenda na kurudi, hata saa za usiku.

Tunajua kwamba ombi la tatu litapingwa. Tumekwisha kuambiwa na baadhi ya wazee, kwa upole, kwamba fedha ya maiti haiguswi. Halmashauri imejibu kwamba haliko katika katiba ya Chama neno linalosema fungu hilo lazima limngoje mtu afe. Hoja itaamuliwa kwa kura. Ukumbi wa mabibi umeombwa uunganishwe na ukumbi wa wanaume siku hiyo, na anayepinga ataombwa asimame aseme hoja yake mbele yao.